Nilikuwa napewa alama na mteja wa siri, kumbe mteja mwenyewe anapigwa: kisa cha Buzuruga

Mimi ni wakala wa pesa, kibanda changu kipo Buzuruga hapa Mwanza, sio mbali sana na stendi. Nimekaa kwenye hii kazi miaka, na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" nimezisoma mpaka nimezizoea kama tangazo la redio, kwa hiyo nilikuwa najiona mjanja, mtu akija na hela ya kumtumia tapeli mimi nitamnusa. Sasa hiki kisa kimenionyesha kwamba nilinusa siku moja nimechelewa.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi saa sita sita hivi, akaja binti mmoja namfahamu, ni mtoto wa mama niliyewahi kupanga kwake zamani. Shikamoo kaka, marahaba mdogo wangu, akanipa hela na namba kwenye kikaratasi. Nikahesabu. Elfu sabini na saba na mia nne. Nikahesabu tena maana nilidhani kazidisha, akasema hapana kaka ni hiyo hiyo. Sasa niulizeni mimi niliyekaa kwenye kaunta, mtu anaweka elfu sabini, anaweka themanini, anaweka elfu sabini na saba kama kuna deni la hivyo, ila mia nne? Hizo mia nne zinatoka wapi? Mia nne ni hesabu ya mtu aliyekaa na kalkuleta akapiga asilimia.

Nikafungua daftari. Mimi bado naandika kwenye daftari, vijana wananicheka, mistari ya biro, tarehe, namba, kiasi, na jina linalotokea. Namba ile ile ipo jana yake, saa kumi jioni, laki mbili na nusu, aliyeweka ni yeye huyo huyo binti, na mimi ndo nilimuhudumia. Nikamuuliza hii unamtumia nani? Akaangalia kwanza simu yake, halafu ndo akanijibu, "ni ya baba mdogo Sengerema, anajenga." Nikamwambia mbona jina lililotoka jana ni la mwanamke? Kimya. Akaanza kuandika kitu kwenye simu haraka haraka bila kuniangalia usoni.

Hapo nikamrudishia hela yake, nikamwambia siweki. Akakasirika kweli, "kaka mbona unataka kuniharibia kazi." Kazi gani tena? Ndo ikabidi aeleze, tukakaa kwenye benchi pale nje kama saa nzima wateja wanalalamika.

Kisa chenyewe kilianza wiki mbili nyuma kwenye grupu la WhatsApp la ajira. Tangazo linasema wanatafutwa "wateja wa siri" 15 kwa ajili ya Mwanza, Geita na Musoma, kazi masaa mawili kwa siku, malipo mpaka 35,000 kwa ziara moja, elimu kidato cha nne na kuendelea, uwe na simu janja na "akaunti ya pesa inayotumika". Yeye ana diploma yake, imekaa kabatini mwaka wa pili. Akajaza fomu kwa linki: majina, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), namba ya simu, mitandao anayotumia, na swali moja ambalo mimi lilinishtua kuliko yote, "kwa kawaida salio lako la simu huwa kiasi gani?" Mwajiri gani anauliza hilo? Ni sawa na mwizi anayegonga hodi kuuliza funguo mnaweka wapi, ila ndani ya fomu ndefu ya maswali 20 linapita tu.

Na salio lilikuwepo. Mama yake anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, yeye ana kitochi na hataki kukaa na hela nyingi kwenye laini yake, mtaji anaweka kwenye simu ya binti. Mnaojua dagaa mnajua, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanakaa nchi kavu, taa haziwezi kushindana na mwezi, mpaka giza lirudi. Kwa hiyo ile wiki laki nne na nusu ilikuwa imelala kwenye simu inasubiri giza. Tapeli hakujua habari za mwezi, alibahatisha, ila binti aliona hesabu inakubali kabisa: hela ipo tu, ikazunguke ilete faida kidogo, giza likirudi mtaji uko palepale.

Kwanza alilipa 12,000 ya "kitambulisho cha mtathmini". Watu watasema hapo hapo angeshtuka, ni kweli, kazi ya kweli haikudai hela ya kuingilia, hata serikali kwenye Ajira Portal hulipii kitu kuomba. Lakini sikilizeni kilichofuata ndo mtaelewa kwa nini hakushtuka.

Kazi ya kwanza: nenda supamaketi fulani mjini, nunua sabuni isiyozidi 5,000, hesabu umekaa foleni dakika ngapi, angalia kama mtu wa kaunta amekusalimia, piga picha risiti. Akaenda, akanunua ya 3,500. Jioni ikaingia 13,500. Hela ya kweli, sio skrinshoti. Kazi ya pili akapelekwa kituo cha mafuta, akapanda boda ya 2,000, akaangalia kama wahudumu wanarudisha mita kwenye sifuri kabla ya kujaza, akaandika ripoti. Ikaingia 12,000. Piga hesabu, katoa 17,500 kaingiza 25,500, ana faida ya 8,000 mkononi na amefanya kazi inayoeleweka. Mimi mwenyewe ningeamini, nisidanganye.

Maana mteja wa siri ni kazi ipo kweli duniani, ndo kinachowapa nguvu hawa jamaa. Benki, mahoteli, vituo vya mafuta, makampuni ya simu, wanakodi kampuni ya utafiti, na ile kampuni inatuma mtu wa kawaida akajifanye mteja, aone huduma ikoje, aandike ripoti. Anarudishiwa alichonunua na kupewa ujira, ujira wenyewe mdogo, hakuna mtu anajenga nyumba kwa hiyo kazi. Wana mpaka chama chao cha kimataifa kinaitwa MSPA ambacho kina orodha ya makampuni wanachama. Kwa hiyo ukimwambia mtu "hiyo kazi haipo" anakuona mshamba, anaenda Google anakuta ipo, anarudi kwa tapeli na imani mara mbili.

Wizi ulikuwa kwenye kazi ya tatu. "Tathmini ya mawakala wa fedha." Maelekezo: toa 180,000 kwenye simu yako, nenda kwa wakala mwingine, mpe keshi akuwekee kwenye "akaunti ya majaribio" namba hii, hesabu dakika, angalia kama amehesabu hela mbele yako, utarudishiwa yote ndani ya masaa mawili pamoja na 35,000. Akafanya hivyo kwa wakala wa Mabatini siku ya Jumanne. Masaa mawili yakapita. Akauliza, akajibiwa mfumo unatoa malipo kwa seti, seti ni mawakala wawili, bado mmoja, na wa pili kiwango ni 250,000 kwa sababu ni "wakala wa daraja B". Wakala wa daraja B ndo mimi hapo, nashukuru sana.

Angalieni ujanja wa hiyo ya kutoa halafu kuweka. Kwa nini asitume moja kwa moja kutoka kwenye simu yake? Kwa sababu angetuma mwenyewe, muamala ungebaki kwenye simu yake, angeona jina, angeweza kupiga 100, huduma kwa wateja, mwenyewe akaomba urudishwe kabla jamaa hajatoa. Akinipa mimi keshi nikaweka, muamala uko kwenye laini yangu ya uwakala, meseji inaenda kwa tapeli, yeye binti hana chochote zaidi ya kikaratasi. Akienda kulalamika anaulizwa namba ya muamala, hana. Jina la mpokeaji linatokea kwangu mimi wakala, halitokei kwake, na mimi jana yake nililitaja kweli kama ninavyofanya siku zote, akaitikia "ndio huyo huyo" nikabonyeza.

Lakini kilichoniumiza ni fomu ya alama. Kila wakala alitakiwa ajaziwe fomu, binti akanionyesha kwenye simu, nikaisoma yote. Maswali ya kawaida yapo, usafi, lugha, muda. Halafu katikati: "Je, wakala alikuuliza unamtumia nani? Akiuliza punguza alama 2." Inayofuata: "Je, wakala alijaribu kukushauri usitume? Hili ni kosa kubwa, ripoti mara moja kwa msimamizi." Na chini kabisa kwenye maelekezo: "Mtathmini asimwambie wakala wala mtu yeyote wa nyumbani kuhusu zoezi hili, kwani matokeo yatabatilika. Ukiulizwa sema unamtumia ndugu."

Mmeona? Yule baba mdogo wa Sengerema alikuwa ameandikwa kwenye maelekezo. Na mimi, mtu pekee aliyekaa katikati ya ile hela na tapeli, nimeshageuzwa kuwa mtihani. Nikiuliza swali la kumsaidia, kwake ni kosa la huduma. Nikinyamaza nikabonyeza haraka, ni wakala bora. Yani onyo lolote ambalo lingetoka mdomoni mwangu lilikuwa limeshapewa jina kabla sijalisema. Tapeli wa "tuma kwenye namba hii" anategemea usahau, huyu anategemea uwe mtiifu, mchapakazi, mwenye kutunza siri ya kazi, na kwa binti aliyelelewa vizuri hizo sifa zote anazo.

Kwa wenzetu Marekani huu mchezo ni wa siku nyingi na kiini ni kilekile cha kupima huduma ya kutuma pesa, wao wanatumiwa hundi feki nyumbani, unaambiwa weka benki, kata ujira wako, inayobaki katume kwa Western Union ukatathmini dawati lao, au nunua kadi za zawadi uwatumie namba za nyuma. Benki inakuruhusu kutumia hela ndani ya siku chache, hundi inakuja kugundulika feki wiki kadhaa baadaye, deni lako. Mwaka 2017 Western Union yenyewe ilikubali kulipa dola milioni 586 kwa sababu ya kuacha matapeli wa aina mbalimbali wapitishe hela kwenye mfumo wake. Huku kwetu nani anapokea hundi? Hakuna, ndo maana hapa wanakuingizia 13,500 ya kweli. Ile 13,500 inafanya kazi ya ile hundi.

Turudi kwenye benchi. 77,400 ilikuwa nini? "VAT 18% ya malipo yako." Piga 430,000 mara 18 gawa kwa 100, unapata 77,400 kamili. Nikamwambia mdogo wangu, VAT inakatwa kwenye bidhaa na huduma, haikatwi kwenye hela yako mwenyewe inayorudi, na kodi ya serikali inalipwa kwa kontrol namba, hailipwi kwenye laini ya mtu. Akasema na mimi nilijiuliza hivyo kaka lakini wenzangu kwenye grupu wote wamelipa na wamepokea.

Grupu hilo lilikuwa la watu kama 40, kila baada ya dakika mtu anaweka skrinshoti, "Mungu ni mwema nimepokea 465,000". Mmoja alikuwa anamtia moyo sana binti, anajiita mwenzake wa Mwanza, anasema na yeye aliogopa mwanzoni. Nikamwambia muulize anakaa wapi. Akaandika Nyakato. Mwambie Nyakato sehemu gani. Jibu likaja: "karibu na feri ya Kamanga." Tukaangaliana. Feri ya Kamanga iko mjini ziwani, Nyakato uko barabara ya Musoma huko, hata mtoto wa darasa la tatu wa hapa hawezi kuchanganya. Nikaona sura ya binti imebadilika pale pale, VAT haikumwingia, kontrol namba haikumwingia, ila feri ya Kamanga ilimwingia. Akaacha kuandika akaweka simu juu ya benchi kifudifudi.

Nikajaribu kupiga 100 na namba ya muamala wa jana, nikaambiwa hela imeshatolewa, haiwezi kurudi. Ya Mabatini tulienda kwa yule wakala na boda, naye alikuwa na kumbukumbu kwenye simu, akapiga, hivyo hivyo. Ingekuwa ndani ya nusu saa labda, wakati mwingine inawezekana hela ikashikwa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, ila hawa jamaa hawalazi hela. Namba ya tapeli tukairipoti kwa kuituma kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli. Halafu *106# kuangalia kama kuna laini yoyote imesajiliwa kwa NIDA yake asiyoijua, haikuwepo. Polisi tukachukua RB, yaani namba ya taarifa ya kesi, nikabeba na daftari langu wakapiga picha ule ukurasa, afande akatuambia kosa lipo kwenye sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, tusubiri.

Kuhusu lile jina la mwanamke lililokuwa linatokea, binti alitaka kuliweka kwenye status watu wamtukane. Nikamkataza. Laini nyingi za hawa watu zimesajiliwa kwa vidole vya mtu asiyejua kitu, bibi kaenda kusajili laini yake kwa kijana wa mwamvuli, akaambiwa weka kidole tena hakijasoma, kumbe kimesoma mara mbili. Unaweza kumtukana mama wa watu anayelima pamba zake huko Kwimba.

Sasa kuna mtu aliniuliza baadaye, si angeenda tu kwa meneja wa supamaketi kuuliza kama wameajiri wateja wa siri? Nilifikiri hivyo pia, lakini haisaidii. Kazi ya kweli wafanyakazi wa tawi hawaambiwi, ndo maana ya siri yenyewe, kwa hiyo meneja akisema "sijui" haijathibitisha kitu upande wowote, na tapeli atakuambia "unaona, tulikuambia hawajui." Wa kuulizwa ni kampuni ya utafiti inayodaiwa kukuajiri, kwa namba uliyoitafuta wewe, sio uliyopewa kwenye tangazo, na uangalie kama imesajiliwa BRELA, wale wanaosajili makampuni. Lakini mimi nikaona kuna kipimo kingine cha haraka zaidi. Siri ya kazi ya kweli inaishia kwenye kaunta ya duka, muuza duka asijue, basi. Haifiki nyumbani. Hakuna kampuni ya utafiti inayojali kama mama yako anajua umeenda kununua sabuni. Siku siri inaanza kumzunguka mama yako, mume wako, wakala wako, hapo wewe ndo umekuwa duka. Na kitu kingine, mteja wa siri ananunua anachopima, sabuni, lita ya mafuta, chai ya hoteli. Kuweka laki mbili na nusu kwenye laini ya mtu hujanunua kitu, umempa mtu hela.

Kumwambia mama ndo ilikuwa shughuli. Binti aliniomba nimsindikize, tukaenda Mwaloni jioni, yule mama alikuwa amekaa kwenye viroba vitupu anasubiri giza. Nilimsalimia, nikamweleza mimi maana binti alishindwa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu "yote?" nikasema imebaki kama elfu ishirini mama. Akakaa kimya, akamwambia binti akachote maji. Ile 60,000 binti aliyokopa kwa rafiki yake kuongezea VAT ilirudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo maana hatukuiweka, na giza liliporudi mama alichukua mzigo kwa mali kauli kwa mtu anayemwamini. Analipa kidogo kidogo mpaka sasa.

Mimi kwenye kaunta nimebadilisha kitu kimoja. Mtu akija na keshi kumuwekea mtu mwingine na hela ni kubwa, simuulizi tena unamtumia nani, jibu la hilo wameshafundishwa. Nauliza "umeambiwa usiniambie kitu?" Wengi wanashangaa, wanacheka, tunaendelea. Mwezi uliopita kijana mmoja hakucheka.

Fomu yangu ya alama binti alikuwa ameshaijaza Jumatano usiku na kuituma, nilimwomba anionyeshe. Usafi wa eneo 8, lugha 10, kasi ya huduma 10. "Je, wakala alikuuliza unamtumia nani?" Hapana. "Je, alijaribu kukushauri?" Hapana. Jumla asilimia 96, na kwenye maoni ameandika, wakala ni mpole, anahesabu hela mbele ya mteja, hana maswali mengi.